Doa Ninalolitafuta

Jumapili, saa kumi na moja alfajiri, Missoula bado nyeusi,
upepo wa Hellgate unagonga mlango wa chuma
nami nafungua magunia ya jana.
Jezi themanini na tano. Harufu ni ileile:
jasho, dawa ya misuli, rangi ya mistari.
Punje za mpira mweusi, za nyasi bandia,
zinamwagika sakafuni kama mtama ulioungua.

Uwanjani sendi. Tiketi ni ghali, na kelele zile
siziwezi tangu Fizi.
Mchezo nausoma hapa, kwenye nguo.
Wale wanene wa mstari wa mbele huchafuka viganja na magoti.
Wapokea pasi, viwiko.
Mpiga teke hurudi mweupe kama bwana harusi;
suruali yake naikunja bila kuifua, Mungu anisamehe.

Namba Saba ndiye ninayemtafuta kwanza.
Mpira huanzia mikononi mwake. Kazi yake, nimeelezwa,
ni kusimama nyuma ya ukuta wa wenzake na kurusha.
Lakini huyu, ukuta ukitikisika,
huubana mpira kwapani akatimka,
na mji mzima husimama.
Wameichora miguu yake kwenye ukuta wa duka la matairi.
Miguu tu.

Jumatatu hadi Alhamisi huvaa jezi ya manjano.
Manjano maana yake: huyu haguswi.
Jitu la kilo mia na arobaini linakuja mbio, linamfikia,
linafunga breki, linamgusa bega kwa kidole
kama linalomwamsha mkwe.
Jumamosi ile ya manjano hubaki kwangu, msumarini,
naye hutoka na rangi inayoruhusu.

Kwetu aliyekosea tulimwambia: kuteleza si kuanguka.
Hapa nimeikuta methali imegeuka amri ya kocha:
ukiona wanakuja, teleza, miguu mbele, makalio chini,
sheria itakufunika.
Kwa hiyo naigeuza suruali ya Saba, natafuta doa la nyuma.
Punje zikiwa zimejaa makalioni, nashukuru.
Ametii. Mama yake, huko Havre, amelala.
Zikiwa zimejaa kifuani,
na bega limepakwa rangi ya helmeti za wageni,
bluu, dhahabu, kijani,
najua aliitaka yadi moja zaidi.

Septemba, madoa matatu ya nyuma. Oktoba, moja.
Mbio za sakafuni huishia ukingoni,
na laiti zake zingeishia huko, nje ya mstari mweupe,
kwa vijana wanaoshika chupa za maji!

Jumapili ya theluji ya kwanza jezi yake haikuwa na doa.
Ilikuwa imekatwa.
Mkasi wa daktari, kuanzia shingoni hadi kwenye pindo,
mkato mnyoofu, usio na hasira,
kisha mkono wa kulia, hadi kwapani.
Niliilaza mezani. Nikazikutanisha kingo kwa vidole,
zikagusana. Nikaachia.
Redioni walikuwa wakibishana: alihitaji yadi saba, alipata nane.
Nane waliitaja mara nyingi.
Bega, mara moja, kabla ya tangazo la matrekta.

Alikuja Jumatano, mkono umefungwa kifuani kama mtoto mchanga.
Garrick, kumbe, ndilo jina lake.
Aliulizia jezi. Nilikwisha kuishona,
uzi mwekundu, sikuwa na mwingine.
Aliupitisha mshono kwenye kidole gumba, polepole, hadi chini.
"Nane," akasema,
wala sikujua anajivunia au anauliza.

Sasa ile ya manjano inavaliwa na kijana wa mwaka wa kwanza,
ametoka Yakima, shingo nyembamba,
masikio mekundu kwa baridi.
Mikono ya jezi inampwaya. Napima, pini mdomoni.
Nazitoa pini. Teleza, namwambia.
Anadhani ni salamu.
Teleza, ananijibu, anacheka,
anatoka mbio.